YAH: Madumu ya Mwani Yaliyovimba na Lugha ya Afisa Wenu

Kwa Meneja,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

Salamu. Sera yenu ya kurudisha bidhaa mbovu mmeibandika ukutani pale kaunta, kwa hiyo hatutaisoma upya hapa.

Madumu ya lita 5 ya maji ya mwani, mliyotuuzia kama kinga ya baridi kwa mboga za majani, tumeyapokea yamevimba. Mwani uliosindikwa vizuri hauchachi ndani ya dumu lililofungwa. Ukichacha, ama dumu liliachwa juani ama kihifadhi hakikutosha, na vijidudu vimeshakula kile mkulima alicholipia. Lebo haina namba ya toleo wala tarehe ya kutengenezwa. Kipimo kimeandikwa "vizibo 2 kwa bomba". Kizibo kipi? Cha dumu hakilingani na cha chupa ya lita 1. Busta (kichocheo cha mimea) ya namna hii kwa kawaida hupimwa mililita 2 hadi 5 kwa lita moja ya maji, yaani mililita 32 hadi 80 kwa bomba la kupulizia la lita 16. Karatasi yenu ya maelezo nayo inasifu kinga ya sakitu, yaani baridi ya kugandisha umande. Sakitu iko Makete, kule nyanda za juu, ndugu zangu. Igombe tunapambana na usiku wa Juni na Julai usio na mawingu, mchicha unapodumaa.

Mweka hazina wetu aliporudisha dumu, afisa wenu wa kilimo alilifungua mbele ya wateja. Gesi ikatoka kwa kishindo, harufu ya kuoza ikajaa duka. Akalifunga haraka na kusema: "Mama, mwani ndivyo unavyonuka. Wewe kazi yako mchicha, mambo ya dawa tuachie sisi." Watu wakacheka.

Afisa huyohuyo, siku ya mauzo, alituandikia nyuma ya risiti tuchanganye mwani na dawa ya ukungu ya shaba "kuokoa maji". Karatasi yenu yenyewe inasema huu ni mwani wa kahawia. Mwani wa kahawia una aljinati, ule utelezi wake, na aljinati ikikutana na shaba huganda. Iliganda ndani ya bomba kama uji wa jana. Nozeli zikaziba, na kilichopenya kikatua kwa matone mazito, chainizi changa ikaungua kingo za majani. Mchanganyiko huo ulipaswa kujaribiwa kwanza kwenye chupa ya maji, jambo ambalo muuza pembejeo yeyote anatakiwa kulijua.

Akaongeza kwamba tupulize majani yakishaonyesha dalili za baridi. Kinyume kabisa! Mwani hupulizwa siku chache kabla ya baridi, asubuhi mapema au jioni, juu na chini ya jani, kisha hurudiwa kila baada ya siku 10 hadi 14. Mmea huutumia kujiandaa: hujikusanyia sukari na prolini (kiini cha protini kinachousaidia kuhimili baridi), na utando wa seli hauchaniki upesi. Jani lililokwishaharibika halirudi. Na mboga yenye njaa ya naitrojeni haiokolewi na mwani, kwa sababu naitrojeni yake ni kidogo mno.

Turudi kaunta, maana hapo ndipo mlipotudhalilisha. Alilifungua dumu kwa mkono wake mwenyewe. Gesi ilisikika hadi kwenye rafu za mbegu, povu likamlowesha vidole, akajifuta kwa karatasi yenu ya maelezo. Aliona, alinusa, alishika. Ndipo akamwambia mama wa watu mzima "kazi yako mchicha", wateja wakicheka, badala ya kuandika fomu ya kurudisha.

Mwanzoni tulitaka fedha za madumu tu. Sasa tunataka fedha hizo, gharama ya mbegu na ya vibarua kwa matuta yaliyoungua, namba ya usajili wa bidhaa hii TFRA (mamlaka ya kudhibiti mbolea), na barua ya kumwomba radhi mweka hazina wetu, yenye saini yako wewe Meneja, si ya afisa huyo. Barua hiyo ibandikwe pale pale kaunta, karibu na sera yenu.

Mna siku 14. Zikipita kimya, nakala ya barua hii itakwenda TFRA na Tume ya Ushindani, na vikundi vya bustani vya Ilemela na Magu vitaisoma kabla ya kununua tena kwenu hata pakiti ya mbegu. Dumu moja lililovimba hatujalifungua. Liko kivulini pamoja na risiti yenye mwandiko wake, likisubiri wakaguzi.

Katibu,
Kikundi cha wakulima wa mboga,
Igombe, Ilemela.