Punguzeni Sauti Msikilizane: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Chuo Wanaoanzisha Bendi ya Roki

Wanangu,

Natumaini hamjambo na masomo yanakwenda vizuri. Nimesikia kwamba mmeamua kuunda bendi ya roki, marafiki wa darasa moja na bweni moja, na kwamba magitaa yameshapatikana, kilichobaki ni chumba cha kuweka dramu. Nimefurahi kweli. Nimepiga besi, gitaa la sauti nzito, tangu ujana wangu, kwenye bendi zilizodumu na zilizosambaratika, na sijaona bendi ya marafiki iliyovunjika kwa kukosa vipaji. Huvunjika watu wanapoacha kusikilizana, kwanza wakiwa na vyombo mkononi, kisha wakiwa wameviweka chini.

Kuwa wanafunzi kusiwatie unyonge. Queen, bendi ya roki ya Uingereza, ilipoanza London mwaka 1970, mpiga gitaa wake Brian May alikuwa mwanafunzi wa utafiti wa fizikia ya anga, na John Deacon, mpiga besi aliyejiunga mwaka 1971, alikuwa akisomea elektroniki. May aliiweka tasnifu yake kando kwa ajili ya muziki, akaja kuimaliza mwaka 2007. Radiohead, bendi nyingine ya Uingereza, walianza wakiwa bado shule, mwaka 1985, na walipotawanyika vyuoni waliishikilia bendi kwa kukutana likizo. Inawezekana, ila mjipange.

Sasa tuingie chumba cha mazoezi, maana huko ndiko mambo huanza kuharibika. Mpiga dramu anapiga kwa nguvu kwa sababu ana furaha. Mpiga gitaa hasikii gitaa lake, anaongeza sauti. Mwenye besi naye anaongeza. Mwimbaji anapaza koo mpaka linakauka na bado hasikiki, na baada ya saa moja kila mtu amekasirika asijue kwa nini. Mara nyingi mzizi wa tatizo uko sakafuni: amplifaya imewekwa chini, sauti inampita mpigaji kwenye magoti, na anayepigwa nayo usoni ni mwenzake wa upande wa pili. Iinueni juu ya kiti, muigeuze imwelekee mwenyewe masikioni. Atapunguza bila kuambiwa.

Kipimo chenu kiwe sauti ya mwimbaji. Pandisheni sauti ya maiki mpaka inapokaribia kupiga mluzi, rudisheni kidogo, kisha vyombo vyote vikae chini ya hapo. Hakikisheni mgongo wa maiki ndio unaoelekea spika, si uso wake. Mpiga dramu akiona amebanwa, mwambieni kwa upole kwamba kupiga kwa sauti ya chini bila kupoteza mwendo ni kazi ngumu kuliko kupiga kwa nguvu, na anayeiweza hutafutwa na kila bendi.

Suala la masikio nalisema kwa uchungu, kwa sababu wenzangu wengi leo wanaishi na mlio usiokoma kichwani. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mtu asizidishe saa 8 kwa siku kwenye sauti ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Hesabuni wenyewe: kwenye desibeli 100 mnabakiwa na dakika 15. Dramu na amplifaya kwenye chumba kidogo hufika hapo bila shida. Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, alilazimika kuacha ziara mwaka 2016 kwa sababu ya usikivu wake. Nunueni vizibo vya masikio vya wanamuziki kabla hamjanunua pedali yoyote ya kubadili sauti ya gitaa. Kizibo kinapatikana, sikio jipya halipatikani.

Mpiga besi na mpiga dramu, ninyi nina neno nanyi. Kutaneni wawili tu, bila gitaa wala mwimbaji, mpige wimbo mzima kwa metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, iliyowekwa mwendo wa chini. Besi iangukie pamoja na dramu kubwa la mguu, pigo kwa pigo, mpaka msijue nani anamfuata nani. Hapo gitaa litakuwa na pa kukanyaga. Bendi nyingi za wanafunzi huwa na wapiga solo hodari na chini yao hakuna kitu.

Kila mmoja ajifunze sehemu yake nyumbani, mkikutana iwe ni kuunganisha. Nyimbo tatu zilizokaa sawa zinatosha kuanzia. Wekeni simu katikati ya chumba, rekodini, msikilize pamoja kesho yake hasira zikiwa zimepoa, na kila mtu ataje kwanza kosa lake.

Halafu kuna hili ambalo marafiki huona aibu kulizungumza: nani mwenye wimbo? Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida haki ya wimbo humwangukia aliyetunga maneno na sauti ya kuimbwa, na aliyebuni mdundo ulioupa uhai anaweza kutoka mikono mitupu. Queen waligombana kwa miaka juu ya jambo hili, hadi albamu yao ya mwaka 1989 walipoamua nyimbo zote ziandikwe kwa jina la bendi. Bendi ya R.E.M., waliokutana kwenye mji wa chuo huko Georgia, Marekani, walikuwa wakiandika majina ya wote wanne. Mimi napenda njia ya R.E.M., lakini chagueni yenu, na mchague sasa wakati hakuna senti ya kugombania. Andikeni pia amplifaya ya mchango itabaki kwa nani mtu akihitimu, na kama anayeondoka ana haki na jina la bendi.

Mitihani ikikaribia, simamisheni mazoezi na mtaje kabisa tarehe ya kurudi. Asiyeweza kurudi aseme mapema, naye asichukiwe. Rafiki aliyeacha bendi bado ni rafiki.

Mkipata nafasi ya onyesho la kwanza, bebeni nyuzi za akiba, waya wa ziada na betri mpya ya tyuna, kile kifaa cha kulinganishia sauti za nyuzi, kisha mnipe habari. Nitakuja na vizibo vyangu, nitasimama upande wa besi.

Mzee wenu, mpiga besi