Barua kwa mwanangu anayepokea mwanafunzi wake wa kwanza

Mwanangu Zuhura,

Jana usiku nilipousoma ujumbe wako kwamba umepewa mwanafunzi wa ustawi wa jamii wa kusimamia, binti wa Kinigeria, fildi ya siku 100, nilifurahi mno. Kisha usingizi ukanipaa. Kuna jambo sijawahi kukusimulia.

Mwaka 2004 nilikuwa fildi katika ofisi moja ya ustawi wa jamii hapa London. Wiki ya tano nikatumwa kwa bibi mmoja Mzungu, nikaangalie anahitaji msaada gani nyumbani. Alifungua mlango mnyororo ukiwa bado umefungwa, akanitazama juu mpaka chini, akasema anataka mtu mweupe. Akaubamiza. Nikabaki nje na faili kifuani nisije nikalilowesha, maana mvua ilikuwa inanyesha. Nilipomweleza msimamizi wangu akasema, "Pole, wazee ndivyo walivyo," akafunua ukurasa wa pili wa daftari lake. Bibi akapelekewa mfanyakazi mweupe, yakaisha.

Ripoti yangu ya katikati ikaja: hajiamini, mkimya, hatazami watu machoni. Mama, wewe unajua bibi yako alivyotulea kule Pangani: mkubwa akisema, unainamisha macho. Na huo ukimya ulianzia pale mlangoni, kabla yake nilikuwa nasema. Lakini neno likishaandikwa limeandikwa. Nikaongezewa siku, wenzangu wakahitimu bila mimi.

Kwa hiyo usimngoje huyo binti aanze kulisema suala la rangi. Kalamu ya kupitisha na kufelisha unayo wewe, naye atajipima mara kumi kabla ya kufungua kinywa. Lianze wewe, kikao cha kwanza, hata kabla hapajatokea kitu. Mkubaliane: akikataliwa mlangoni, nani atampigia simu mwenye nyumba? Mimi nasema apige meneja, aseme huyu ndiye mfanyakazi wetu. Kumbadilisha kimyakimya ni kumpa haki aliyemfukuza.

Wala usidhani weusi wako utakukinga. Mwanafunzi wangu wa pili alikuwa Mghana. Kila alichoandika nilimrudishia, mara mbili, mara tatu, nikijiambia namjenga asije akatutia aibu. Siku moja akaniuliza kwa upole kama na mwenzake Mwingereza nilikuwa namrudishia vilevile. Sikumjibu. Jioni watu walipoondoka nikayatoa mafaili yao yote mawili, nikayaweka mezani pamoja. Makosa yaleyale. La mmoja lilijaa wino wangu mwekundu, la mwenzake nilikuwa nimetia saini tu. Kesho yake nilimwomba radhi, na mpaka leo bado naiona aibu ile.

Unamkumbuka Victoria Climbié, mtoto wa Ivory Coast aliyekufa hapa London Februari 2000, miaka 8. Mfanyakazi aliyeshika faili lake alikuwa mweusi kama sisi. Alipoambiwa mtoto anasimama wima kama askari mbele ya walezi wake, kumbe ndio waliokuwa wakimtesa, akachukulia kuwa ndiyo heshima ya familia za Kiafrika na Karibiani. Ripoti ya 2003 ya Lord Laming, aliyeongoza uchunguzi wa kifo hicho, iliyaeleza hayo, na ikaeleza pia jinsi usimamizi ulivyokuwa umelegea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwanafunzi wako akikuambia "kwao ndivyo walivyo", hata akiwa anazungumzia kwao mwenyewe, mwulize amejuaje, na mtoto mwenyewe amesema nini.

Na siku mkono wako utakapotaka kuandika "hajiamini" au "mkali", uzuie kwanza. Andika ulichokiona: alikuwa nyumba gani, aliambiwa nini, akajibu nini. Kisha msomee kabla hujatia saini. Akiwa kweli hajafikia kiwango, mwambie wiki hiyohiyo. Kumwonea huruma mpaka siku ya 90 ndipo umfelishe ni ukatili.

Umesema mnaanza Jumatano. Nipigie jioni, nitakuwa nimesharudi kutoka kazini, uniambie alivyokujibu.

Mama yako