Risala ya Madaktari Wanaosomea Tiba ya Familia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waziri wa Afya wa Kaunti, walimu wetu, wazee wetu, mabibi na mabwana:

Karibu sana. Tumefurahi kukuona umekuja wewe mwenyewe, kwani mahafali mawili yaliyopita kiti hicho kilikaliwa na wajumbe.

Mafunzo ya uzamili ya tiba ya familia yalianza nchini mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Nasi tunajifunzia hapa kando ya Mto Tana, tukihudumia Wapokomo, Waorma na Wasomali. Mafanikio yetu ni makubwa: tumekamilisha faharasa ya maneno 120 ya magonjwa kwa lugha zote tatu, na imebandikwa katika kila chumba cha daktari.

Mheshimiwa, faharasa haiwezi kumhoji mgonjwa. Hatuna mkalimani hata mmoja. Anaitwa mfagizi, au mtoto aliyemsindikiza mamake. Mama atamwelezaje daktari habari za hedhi kupitia kinywa cha mwanawe? Hunyamaza, akarudi nyumbani na ugonjwa wake. Mwingine hueleza kwa dakika tatu, daktari akaambiwa, "Anasema tumbo linauma."

Mwezi wa Ramadhani hatari huzidi. Mgonjwa wa kisukari huambiwa ameze glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, asubuhi, na maneno hayo hutafsiriwa sawasawa, ila hakuna aliyemuuliza kama amefunga. Kufika saa tisa alasiri sukari imeshuka, jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Angeulizwa mapema, dawa ingebadilishwa au ikahamishiwa wakati wa futari. Angejua pia kwamba sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita hana budi kufungua, na kwamba kwa wanazuoni wengi kujitoboa kidole kupima hakubatilishi saumu. Mazungumzo haya ndiyo somo lenyewe la daktari wa familia, wala hayafundishiki kwa ishara za mikono.

Tunaomba wakalimani 6, mwanamume na mwanamke kwa kila lugha, wapewe mafunzo ya saa 40 kabla ya kuanza kazi: kutunza siri, kukaa ubavuni mwa mgonjwa ili yeye na daktari watazamane, kutafsiri sentensi moja au mbili kwa wakati, bila kufupisha, na kumwomba mgonjwa arudie maelekezo ya dawa kwa maneno yake. Tunaomba pia waajiriwe kwa mshahara. Tuliwahi kuwatumia wa kujitolea, wakaondoka mmoja mmoja msimu wa kulima na wa kuhamisha mifugo, na hatuwalaumu.

Ombi hili si geni. Wajumbe wote wawili waliahidi kulifikisha, na tuliwapigia makofi. Barua zetu tatu zimegongwa muhuri wa kupokelewa; nakala zimo ndani ya bahasha utakayokabidhiwa sasa hivi. Makadirio ya bajeti hupelekwa Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30. Kwa heshima zote, Mheshimiwa, tunaomba utakaposimama kuzungumza ututajie idadi ya wakalimani utakaowaingiza humo.

Tunaomba kuwasilisha.