Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe.

Mgeni Rasmi, kazi yetu ya mwaka huu ilianzia kwenye jani la muhogo lililokunjamana kwa batobato. Ugonjwa huo uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, hapahapa kwetu Usambara. Tukajiuliza: mmea hauna damu, hauna macho, adui unamtambuaje? Mwalimu wetu wa baiolojia akatufungulia mlango wa protini za mrudio, yaani zenye kipande kinachojirudia. Kundi moja lina kipande cha asidi amino (matofali ya protini) 20 hadi 30, chenye nyingi za aina ya lusini, kinachojirudia tena na tena. Protini nyingi zinazoulinda mmea kwa kumtambua adui zimo humo.

Umbo la protini hizo lilitutoa jasho. Kitabu kinasema limepinda kama kiatu cha chuma cha farasi. Kwa nini, kimenyamaza. Aliyetufumbua macho ni bibi wa mwenzetu, msusi wa mikeka. Alipitisha uzi ukingo mmoja wa ukili, akauvuta, ukili ukapinda wenyewe. Na protini ni hivyohivyo: upande wa ndani umebana, wa nje umetanuka. Ukili huo uko mezani kwako, Mgeni Rasmi. Si kawa, chini yake hakuna chakula.

Kisha tukatazama picha za maumbo ya protini yaliyotabiriwa na AlphaFold, programu iliyowafikisha Demis Hassabis na John Jumper kwenye Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024. Penye buluu iliyokolea programu ina uhakika; penye rangi ya chungwa, usiitegemee. Hata buluu tupu haikuambii protini inamnasa nani. Hilo hujibiwa maabara.

Kundi jingine la protini za mrudio, liitwalo PPR, lina unafuu: kila mrudio husoma herufi moja ya RNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, hivyo kazi yake yaweza kukisiwa. Mmea mdogo wa arabidopsisi unazo protini za PPR zaidi ya 400. Binadamu hatufikishi kumi!

Changamoto yetu ni kompyuta mbili na bando la kuchangishana, ambalo hukatika picha ikiwa nusu. Tunaomba intaneti ya kudumu, na usafiri wa siku moja kwenda kituo cha utafiti wa mkonge cha Mlingano.

Tunaomba kuwasilisha.