Mkutano wa Jumamosi: manowari Königsberg

Habari za jioni, ndugu zangu.

Jumamosi saa nne asubuhi tutakutana Fort Jesus, pale penye mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani ya Vita Kuu ya Kwanza. Nimepachagua kwa makusudi. Mzinga huo ulikuwa ndani ya manowari hiyo iliyoizamisha Pegasus, manowari ya Kiingereza, bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, Waingereza wakiwa katikati ya matengenezo ya mitambo. Kisha Königsberg ikajificha delta ya Rufiji hadi Julai 1915, manowari za Kiingereza Severn na Mersey zilipoingia mtoni kuishambulia, na mabaharia wake wenyewe wakailipua. Mizinga yote 10 ilitolewa majini ikapigana nchi kavu. Mmoja ulifungwa hata kwenye Götzen, meli ya Wajerumani huko Ziwa Tanganyika. Ndiyo meli Liemba ya leo!

Wenye kadi na bahasha za enzi hizo, njooni nazo. Tazameni muhuri kwanza, stempu baadaye. Posta ya manowari za Kijerumani ilipiga muhuri wa Marine-Schiffspost wenye namba, si jina la meli, kwa hiyo anayewauzia kadi kwa neno lake tu mwambieni awaonyeshe namba na tarehe. Na meli iliyo kwenye stempu za makoloni ya Ujerumani ni Hohenzollern, meli ya kifahari ya Kaisari, mfalme wa Ujerumani. Wengi huambiwa ni Königsberg, na inaniuma kuona mtu akilipishwa kwa uongo huo.

Tafadhali sana, msibandue stempu kwenye bahasha. Bahasha nzima ndiyo historia yenyewe.

Atakayekuja aandike jina hapa kabla ya Ijumaa jioni.