Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Kituo cha Sanaa, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Shughuli za kawaida mnazijua. Darasa la watoto la Jumamosi limeendelea, kuta zimepakwa chokaa, mafundi wa ukili na wa nakshi za milango wamekuja kufundisha. Anayetaka zaidi, Katibu anazo kumbukumbu zote.

Nataka tuzungumze kuhusu ukumbi mkubwa. Mwezi wa Julai, wageni wamejaa mjini, niliamua ukumbi wapewe watu watatu ambao hawajakaa darasa la uchoraji hata siku moja: mama mkulima wa mwani wa Jambiani, kijana mchoma mkaa, na mzee wa Wete, Pemba, ambaye kazi yake tangu ujana ni kukalafati vyombo vya baharini. Maonesho ya wanachama yakasogezwa hadi Novemba, kwenye mvua za vuli. Nimeambiwa nimewanyima watu riziki. Nimeambiwa pia, tena kwa ukali, kwamba nimeleta picha za majini kituoni.

Kuhusu riziki, nauliza: wangapi kati yetu hawauzi picha za tingatinga? Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Chuo cha sanaa hakukiona. Alifariki 1972, na mpaka leo maduka ya Mji Mkongwe yanakula kwa mkono wake. Angebisha hodi hapa na vibao vyake, tungemtaka cheti?

Na hao majini? Mzee anachora anayoyaota, basi. Kule Ufaransa tarishi mmoja, Ferdinand Cheval, alianza mwaka 1879 kuokota mawe njiani akipeleka barua, akajenga kasri aliloliota, kwa miaka 33. Mwaka 1969 serikali yao ikaliweka kasri lile chini ya hifadhi. Mimi nilikaa na mzee wetu siku mbili akipanga mbao zake. Ni mbao za majahazi yaliyovunjwa, amezipaka masalio ya rangi za mashua, na matundu ya misumari ameyaacha wazi. Nilitaka kuyaziba kwa lakiri, akanishika mkono. Samaki aliowachora wote wanaona kwa matundu yale. Ukisimama dirishani mchana, mwanga unapenya kutoka nyuma na macho yanawaka. Waliosema ni majini, wengi wao hawakuingia ukumbini.

Mnasema niliamua peke yangu. Mkutano wa Mei niliuitisha mara mbili. Mara ya kwanza walikuja 11, mara ya pili 9, nasi tuko 64 na akidi ni nusu. Mzee alikwisha kukata tiketi ya boti. Nauli yake na ya mizigo nimeitoa mfukoni mwangu, na sijaidai. Ningesubiri akidi, ukumbi ungekaa mtupu Julai nzima.

Kitabu cha wageni kina saini 412. Zimeuzwa kazi 7, na fungu la kituo ni shilingi 185,000, ndizo zilizolipa umeme hadi Disemba. Ada ni 24,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 19, yaani 456,000 kati ya 1,536,000. Wanachama 45 hawajatoa hata shilingi, na baadhi yao ndio waliopaza sauti zaidi juu ya ukumbi. Inaniuma kulisema hili mbele yenu, lakini paa la stoo linavuja na fundi hafanyi kazi kwa salamu.

Mwaka ujao, inshaallah, tunatarajia kupata mfadhili, kukarabati paa, na pengine kupeleka maonesho Pemba. Tarehe ya maonesho ya wanachama tutaipanga kwa pamoja, mkihudhuria.

Mhazini amekaa karibu na mlango na kitabu cha stakabadhi. Mbao sita za mzee bado ziko stoo, upande usiovuja, zimefunikwa kanga. Naomba zisiguswe wala zisifutwe vumbi mpaka mwenyewe atakapozifuata.