Usiagize bapa la usukani bado

Kilifi

Swahibu yangu,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi huku hatujambo, ila kusi linavuma kila siku mchana na wavuvi wanalalamika.

Nimefurahi sana kusikia umeipata ile Hobie 16 kuukuu hapo Tanga, ile mashua ya tanga yenye mbavu mbili za kuelea. Lakini uliposema kana, ule mkono wa usukani, inatikisika mkononi, chombo hakitaki kugeuka, na tayari unatafuta mabapa mawili mapya ya kuagiza nje, nimeacha kazi nikuandikie. Usiagize kitu bado. Mimi niliagiza, na ninajua nilichopoteza.

Mwaka wangu wa kwanza na chombo hiki nilikuwa narudi kutoka nje ya mwamba, naingia mlango wa Kilifi, maji yanapwa. Nikapiga bisho, yaani kugeuza chombo kupitia upande wa upepo, na papo hapo usukani wa kushoto ukafyatuka, bapa likaelea nyuma kama mkia. Wewe umezoea ngalawa, kwa hiyo elewa jambo hili: Hobie 16 haina mkuku wala ubao wa kushusha katikati. Kinachoizuia kwenda upande ni umbo la mbavu zake, na kinachoigeuza ni zile sukani mbili. Moja ikitoka katikati ya bisho, chombo kinasimama kinatazama upepo, kisha kinaanza kurudi kinyumenyume. Tulirudi hadi nikayaona matumbawe chini yetu, na rangi zake, kabla mwenzangu hajalivuta tanga la mbele upande wa pili tukageuka.

Nilipofika ufukweni nilishaamua kwamba bapa limekwisha. Nikaagiza jipya, usafiri ukala pesa kuliko bapa lenyewe, nikalifunga, na mtikisiko ukabaki vilevile.

Fanya hivi. Kiweke chombo juu ya magogo, sukani zining'inie bila kugusa chini. Zishushe mpaka usikie ule mlio wa kujifunga. Mtu mmoja ashike ncha ya bapa aitikise taratibu kushoto na kulia, nawe weka kidole kwenye kila kiungo kwa zamu: kwanza bawaba za tezini, yaani nyuma ya chombo, halafu ile pini ndefu inayopita ndani yake, halafu bolti zinazoshika bapa kwenye kichwa cha alumini, mwisho pale kana inapoungana na bomba la kukingama. Kidole kitakwambia mchezo, yaani ule ulegevu, uko wapi. Kwangu ulikuwa kwenye pini. Nilipoichomoa niliona imelika kiuno sehemu mbili, laini kabisa, kana kwamba mtu ameipiga msasa, na bushi za plastiki zilizotakiwa kuikinga zilikuwa zimebaki ganda tu. Vitu vidogo kuliko pete ya kidoleni ndivyo vilivyokuwa vinaitikisa kana yangu.

Si hivyo tu. Bushi hazikuwa sababu ya usukani kufyatuka. Ndani ya kile kichwa kuna springi inayosukuma ulimi, na ulimi unashika jino la plastiki. Ndiyo maana usukani ukigonga mchanga unaachia badala ya kuvunjika. Jino likilika mviringo, au springi ikichoka kwa chumvi, unaachia hata kwa maji matupu. Kuna skrubu ya kukaza springi. Ijaribu kwanza, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Lakini ukiona jino limepoteza ukali wa pembe, usihangaike na skrubu, badilisha jino na springi pamoja, kulia na kushoto.

Sasa kuhusu kutambua vipuri. Usimwambie muuzaji "nipe za Hobie 16" ukaishia hapo, kwa sababu vichwa na mabapa yamebadilishwa zaidi ya mara moja tangu chombo hiki kianze kutengenezwa. Kwangu ilikuja springi isiyoingia kabisa. Nenda tezini upande wa kulia, sugua chumvi, utakuta namba imeandikwa kwenye faibaglasi yenyewe. Kama ni cha Marekani cha katikati ya miaka ya 1980 au baada yake, tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa toleo. Kisha piga picha kila kipuri pande zote mbili, rula ikiwa kando yake, na unene wa pini upime kwa venia, kile kipimo cha taya cha mafundi, sehemu ambayo haijalika.

Matundu ya bolti kwenye bapa yakiwa yamekuwa mviringo wa yai, bapa halijafa. Jaza epoksi iliyochanganywa na nyuzi za faibaglasi, iache ikauke sawasawa, toboa upya. Na hapo pana nafasi ya kuponya ule uzito wa kana unaoulalamikia. Ncha ya bapa ikikaa nyuma sana ya mstari wa pini, maji yanalisukuma nawe unapigana nayo njia nzima. Matundu mapya yapange ili ncha isogee mbele kidogo, chini ya chombo. Siku niliyofanya hivi nilishika kana kwa vidole viwili tukiwa kasi kamili, na nilitamani uwepo.

Ukimaliza, pima umbali kati ya mabapa mawili, mbele na nyuma. Tofauti isizidi milimita 3, la sivyo yanavutana na kukupunguzia mwendo. Kila bolti ya chuma cha pua inayoingia kwenye alumini ipake grisi, maana metali hizo mbili zikikutana kwenye maji ya chumvi alumini ndiyo inayoliwa.

Nina bushi nne za ziada na springi moja iliyokosa chombo. Nitumie picha kabla ya Ijumaa, huenda ndiyo inayokufaa wewe, nikukabidhie dereva wa basi la Tanga.

Nisalimie Mama.

Wako,
wa Kilifi